Demani tatu za dada

Kidau cha ndara, kijichombo cha tanga kilichotengenezwa kwa ndara kuukuu, ni mchezo wa watu wawili. Mmoja hukitia majini akakiachia. Wa pili husimama mbali, maji ya magoti, kule upepo unakokwenda, akakingoja. Wapita pwani humsifu anayeachia, maana ndiye aliyeshika kidau. Anayengoja huonekana kama mtu aliyekosa kazi. Utoto wetu wote hapa Amu, yaani Lamu, aliyesimama kule alikuwa dada yangu mkubwa, na lau si yeye, vidau vyangu vyote vingekuwa takataka za Manda, kisiwa cha ng'ambo.

Wanawe sasa wameanza kuokota ndara pwani na kuuliza vipimo. Basi naandika hapa alivyonifunza, na vinavyoharibika na sababu zake, ili asante yangu iwe na kitu ndani.

Neno moja lifahamike kwanza, maana litarudi mara nyingi. Demani ni kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Demani vilevile ni upande wa chombo unaotazama kule upepo unakokwenda, kinyume cha joshini, ambako upepo hutoka. Na demani ni msimu, ile miezi ya mwisho wa kusi, Agosti kuendelea hadi Novemba hivi, upepo unapolegea na bahari kutulia. Kidau kikipotea, dada alikuwa akiuliza: ni demani gani leo? Uzi, mahali, au msimu? Karibu kila mara jibu lilikuwa mojawapo.

Tuanze na ndara. Ziko tele, bahari huzitapika kila siku. Jahazi la Flipflopi, lililojengwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini mwaka 2018 na kwenda hadi Zanzibar mwaka uliofuata, lilivikwa ndara 30,000 hivi, na bado hazikuisha. Lakini si kila ndara inafaa. Ikunje katikati kisha iachie: ikirudi upesi na haina nyufa, ichukue. Iliyolala juani miezi mingi huacha unga vidoleni ukiisugua, na ukiipitisha kisu hupasuka badala ya kukatika. Hiyo iache, au iokote ukaitupe panapostahili.

Utahitaji ndara mbili za mtu mzima. Moja peke yake, yenye unene wa sentimita moja na nusu, huelea vizuri ikiwa tupu, lakini ukishaitia mlingoti na farumi, ule uzito wa kukituliza chombo, maji hupanda juu ya sitaha na kila wimbi dogo hukilaza kidau. Mbili zikigandishwa hupata sentimita 3, na kidau kizima hukaa nusu majini, nusu nje. Ndara nyingi zimelika kisigino, kwa hivyo zipange kichwa na miguu: kisigino cha moja juu ya vidole vya nyingine. Unene utajisawazisha wenyewe, na kidau hakitainama tezi, yaani nyuma, kama kilichopakia makaa.

Gundi ni ile ya mafundi viatu. Paka pande zote mbili, nyembamba, kisha usizikutanishe. Hapa ndipo watoto huharibu. Ngoja dakika kumi hivi, hadi ukigusa kwa mgongo wa kidole isinate, ndipo uzilaze moja juu ya nyingine na kuzigandamiza kwa jiwe. Gundi ikifungiwa ikiwa mbichi, dawa iliyomo hukosa pa kutokea; ndara huteleza usiku, na siku ya kwanza juani zinaachana. Fanya kazi hii darini au uani, penye hewa. Harufu yake inaumiza kichwa, na si ya kufungiwa chumbani na mtoto.

Sasa sura. Kunja karatasi kwa urefu, chora nusu ya kidau, kata, kisha ikunjue. Ndiyo njia pekee ya kupata mbavu mbili zinazolingana bila kuwa fundi wa majahazi wa Matondoni. Vipimo vya dada: urefu sentimita 24, upana 8 pale penye kifua, tezi 5, na omo, yaani mbele, kali lakini si kama sindano. Omo nyembamba mno huzama kwenye wimbi. Kata kwa kisu chenye wembe mpya, uuloweshe kwa maji ya sabuni, na uvute mkato mrefu mmoja mmoja. Ukikereza kama msumeno utapata ukingo wenye meno, nao hushika maji. Mikunjo midogo iliyobaki inatoka kwa msasa.

Kisha kuna lile tundu. Ndara ina tundu la mbele, lililokuwa la mkanda, na kila mtoto akiliona anasema: mlingoti huo hapo! Sivyo. Kwanza liko mbele mno. Pili haliko katikati, limesogea upande wa kidole gumba. Ukisimika mlingoti hapo, tanga lote linakuwa puani mwa kidau. Upepo ukilishika, omo husukumwa demani na kidau hukimbia na upepo hata ukifanyeje. Ziba matundu yote matatu ya kila ndara kwa vipande vya ndara vilivyopakwa gundi, uyasahau.

Mkuku, ule uti wa chini unaozama majini, ni bati la kopo la maziwa ya unga: urefu sentimita 10, kimo 7 na nusu. Sentimita moja na nusu huingia katika ndara ya chini, 6 hubaki majini. Chora mstari wa katikati kuanzia omo hadi tezi, anza kupasua mwanya sentimita 9 kutoka omo, na uishie 19. Mwanya usifike ndara ya juu. Kingo za bati zikunjwe milimita 3 kila upande zisimkate mtu, na ukingo wa mbele ulale kwa nyuma kidogo ili mwani uteleze. Mkuku uliosimama wima hukusanya mwani kama reki, na kidau kilichokuwa kinakwenda vizuri husimama ghafla bila wewe kuona kilichokishika.

Chini kabisa ya mkuku ndipo pa farumi. Kidau hiki kinataka gramu 80 hivi: misumari kumi na miwili ya inchi tatu, sita kila upande, imefungwa kwa mshipi mwembamba kisha ikapakwa nta ya mshumaa. Chubwi za kuvulia ni nzuri zaidi kwa kuwa ni ndogo na nzito, ila ni za madini ya risasi. Aliyezishika anawe mikono kabla ya kula, na asijaribu kuziyeyusha jikoni. Kinachohesabika ni kimo. Jiwe juu ya ndara, hata la gramu 200, linasaidia kupindua. Mashua ya kweli ina mabaharia wa kukalia ubao joshini na magunia ya mchanga ya kuhamishwa upande hadi upande. Kidau hakina baharia, kwa hivyo uzito wake wote ushuke chini ukae huko.

Usukani ni kipande cha bati, 3 kwa 5, kwenye mwanya mfupi wa tezi. Uwe sawa na mkuku, mstari mmoja. Baadaye tutaupinda.

Mlingoti ni kijiti cha mshikaki kilichokatwa, sentimita 16 juu ya sitaha. Toboa matundu matatu katika ndara ya juu, kwenye mstari wa katikati, sentimita 8, 9 na 10 kutoka omo. Anza na la kati. Vyombo vyetu mlingoti wake huinamia omo, na kidau nacho vivyo hivyo: kichwa cha mlingoti kiwe mbele ya kitako chake kama sentimita 2. Nyuzi mbili, moja kila ubavu, zifungwe kichwani na kushikizwa ukingoni kwa pini, nyuma kidogo ya mlingoti. Zisipokuwepo, tundu hupanuka siku ya pili na mlingoti huanza kucheza kama jino bovu.

Foromali, ule mti unaobeba tanga, ni chelewa. Hapa dada hakukubali badala yake, nami sijaiona. Chagua kwenye ufagio mkongwe, uliokauka, chelewa nene iliyonyooka, na ukate sentimita 36 kuanzia upande wa kitako. Huwa nene chini, nyembamba juu, na upepo ukija ghafla ncha ya juu hupinda, ikamwaga upepo kidogo, kisha ikarudi. Foromali ya chombo kikubwa hufanya hivyohivyo. Waya haupindi; kijiti cha mshikaki nacho hupinda mara moja tu. Ncha nene funga kwenye omo, na ifunge kwa mlingoti mahali palipo sentimita 16 au 17 kutoka ncha hiyo, karibu na nusu lakini si nusu kamili.

Tanga nalo lina mambo yake. Watu wa umri wangu walilikata kwenye mfuko wa plastiki. Tangu marufuku ya Agosti 2017 mifuko ile imepungua, na kwa kazi hii sisikitiki, kwa kuwa plastiki ile hunyooka. Baada ya nusu saa tanga linakuwa na tumbo la mama mjamzito, na tumbo kubwa huvuta kidau ubavuni kuliko mbele. Kipande cha leso kinapendeza macho lakini kinakunywa maji. Kikilowa, uzito unapanda juu ya mlingoti, na farumi yako ya gramu 80 inaanza kushindwa. Kitambaa kinachofaa ni cha mwavuli. Hakinywi maji, hakinyooki, na kila kusi ikivuma kuna miavuli iliyopinduka mitaani. Vipande vinane vya mwavuli mmoja vinatosha mtaa mzima.

Kata pembetatu: ukingo wa foromali sentimita 36, ukingo wa nyuma 31, ukingo wa chini 22. Nyuzi za kitambaa ziende sambamba na ukingo wa nyuma. Zikienda mshazari, ukingo huo utapepea kama bendera na kupoteza upepo. Halafu jambo dogo ambalo nilihitaji miaka kulielewa: ukingo wa foromali usikatwe kwa rula. Uupe mpindo wa kutoka nje, milimita 8 pale katikati. Foromali ikipinda, kitambaa kilichokatwa kwa rula huvutwa hadi kikawa bapa kama bango, na mikunjo hutokea kuanzia katikati hadi pembe ya nyuma. Ukiiona mikunjo hiyo, kosa si la upepo.

Kingo huchambuka zikikatwa. Dada hakushona pindo, maana pindo ni uzito. Alichukua kijiti cha udi, akakiwasha, akapuliza moto hadi ikabaki ncha nyekundu, kisha akaipitisha ukingoni polepole, karibu kugusa. Nailoni huyeyuka ikajifunga yenyewe. Ncha hiyohiyo hutoboa matundu saba ya kufungia foromali, kila moja na mdomo wake uliokwisha kuganda. Nyumba inabaki na harufu ya udi na ya mwavuli ulioungua pamoja. Fungia ncha mbili kwanza, kisha katikati, ndipo zilizobaki, kila tundu kwa uzi wake. Uzi mmoja mrefu wa kuzunguka hulegea wote pale penye fundo moja bovu.

Kata na tanga la pili, theluthi mbili ya kila kipimo: 24, 21, 15, na chelewa yake. Linaonekana limepungua kidogo tu, lakini eneo lake halifiki nusu ya lile kubwa. Hilo ndilo la kusi.

Demani yenyewe ni uzi wa cherehani unaotoka pembe ya nyuma ya tanga hadi pete ndogo ya waya kwenye tezi. Ukiufunga fundo, kila upepo ukibadilika utafungua na kufunga kwa vidole vilivyolowa. Tumia kifungo cha shati. Uzi upite tundu moja la kifungo, uende kwenye pete, urudi, uingie tundu la pili na hapo ufungwe. Ukisogeza kifungo, demani inakaza au inalegea, na ukikiachia kinashika. Ni senti chache, na ni ufundi kuliko vitu vingi vinavyouzwa vikiwa na betri.

Kabla ya kwenda pwani, kipime ndani ya karai kubwa. Msikitie katika birika la maji la msalani. Mle kuna samaki wanaokula viluwiluwi vya mbu, na gundi ya viatu si chakula chao. Kidau kikae bila kuinama upande. Kikiinama omo, sogeza msumari mmoja au miwili nyuma.

Halafu kisukume ubavuni kwa kidole, majini, usawa wa maji. Ukisukuma karibu na omo, omo hutangulia; karibu na tezi, tezi hutangulia. Kati yake kuna mahali kidau kizima husogea ubavu bila kugeuka. Patie alama ya kalamu. Kwa vipimo hivi huwa karibu na sentimita 14 kutoka omo. Hapo ndipo maji yanapokishika.

Upande wa tanga, kata mfano wake kwa boksi, uning'inize kwa pini kwenye pembe moja pamoja na uzi wenye kitu kizito, uchore mstari uzi unapopita; rudia kwa pembe nyingine. Mistari ikikutana, hapo ndipo upepo unapolishika tanga. Lipachike tanga, uone alama hiyo iko juu ya sentimita ngapi. Inatakiwa iwe mbele ya ile ya maji kwa sentimita moja hadi mbili, basi. Ikiwa nyuma yake, kidau hugeuza omo kwenye upepo, tanga linapigapiga, na kinasimama hapo kikitetemeka. Ikiwa mbele mno, kinakimbilia demani moja kwa moja. Dawa ya kosa la kwanza ni tundu la mbele la mlingoti, dawa ya kosa la pili ni tundu la nyuma. Ndiyo maana tulitoboa matatu. Watu wengi huanza kwa kupinda usukani. Usukani uliopinda sana ni breki, hauponyi mlingoti uliosimikwa vibaya.

Dada angetaka niseme hapa kwamba haya yote hayakuwa ya kwake peke yake. Aliyaokota kwa kusikiliza mafundi na manahodha, akiwa mtoto wa kike aliyetumwa dukani na kuchelewa kurudi. Kazi ya vyombo Amu ni ya wanaume, na hakuna aliyefikiri kumwonyesha. Kulikuwa na mengi aliyoyaelewa kwa sikio kabla hajayaona kwa jicho, na nadhani ndiyo sababu alieleza vizuri kuliko wao.

Sasa maji. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hapa hutoka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa alasiri. Kwa anayejifunza, vidimbwi vinavyobaki mchangani maji yakitoka ndivyo shule: maji tulivu, hakuna mkondo, na kidau kikipotea unakwenda kukichukua kwa miguu. Kidimbwi kiwe na kina cha shibiri moja, maana mkuku na farumi vinashuka karibu sentimita 8. Baada ya hapo, pwani ya wazi, lakini maji yakijaa tu. Maji yajaayo hukirudisha kidau nchi kavu. Maji yatokayo hukipeleka mkondoni, na mkondo wa kati ya kijiji cha Shela na Manda hauna huruma kwa kidau wala kwa mtoto anayekifuata. Hilo halina mjadala: kidau kikivuka kina cha kiuno, kimekwenda. Asiyetaka kukipoteza afunge mshipi mwembamba tezini, mita 20, kitakwenda polepole kidogo lakini kitarudi. Na mbele ya mji, mawimbi ya maboti ya injini hulaza vidau kuliko upepo. Tembea kuelekea Shela.

Kusi ya Juni na Julai ni tanga dogo au kukaa nyumbani. Kaskazi, kuanzia Desemba, upepo hutoka upande wa Manda kuja mjini, na kidau huletwa ukutani. Ni msimu mzuri ila uangalie kisijigonge. Lakini demani, hasa asubuhi baada ya umande, ule upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, kulegea, ndipo tanga kubwa linapokwenda bila kumtisha mtu.

Njia rahisi ni matanga kati, upepo ukija ubavuni. Legeza demani hadi ukingo wa mbele wa tanga uanze kutikisika, kisha vuta kifungo upana wa kidole, utikisikaji uishe. Basi. Ukikaza zaidi kwa kutaka mwendo, kidau kitalala na kwenda ubavu. Kwa upepo wa tezi, legeza karibu tanga lote litoke nje, kisha pinda usukani kidogo: ukingo wake wa nyuma uelekee upande ule tanga lilipo, maana tanga lililotoka upande mmoja hukigeuza kidau upande wa pili. Bisho, yaani kwenda dhidi ya upepo, usiitarajie sana. Ndara ina kitako bapa. Itapanda upepo kidogo, si kama mashua ya mashindano.

Kabla ya kuachia, dada alisema neno lilelile, kila mara: «Angalia pepo kwanda.» Yaani angalia upepo kwanza: uso kwa upepo, masikio yote mawili yasikie sawa, ndipo unajua unatoka wapi hasa. Halafu akaenda kusimama.

Na kusimama kwenyewe kuna ufundi. Kidau hakiendi pale omo inapoelekea. Kila hatua kumi mbele husogea demani hatua mbili, au tatu kikiwa na tanga kubwa. Kwa hivyo anayepokea hasimami mbele ya omo. Hupima umbali kwa macho, akahesabu, akasogea demani kiasi hicho, kisha hatua moja zaidi. Akisimama joshini akikosea, kidau kinampita, naye hawezi kukifikia bila kukimbia, na akikimbia mawimbi ya miguu yake hukilaza. Akisimama demani akikosea, kidau kinamjia chenyewe. Kutoka Amu nzima sijaona mtoto anayelijua hili kabla ya kuambiwa. Wote husimama pale omo inapowatazama, na wote hulia.

Avae ndara. Akisogea aburute miguu mchangani, asinyanyue na kukanyaga. Samaki aitwaye taa hulala chini ya mchanga, na akisikia mburuzo huondoka mwenyewe. Kivuli chake kiwe nyuma yake. Kidau kikifika akishike chini, kwenye ndara, mkono ukitokea tezi. Asishike mlingoti kamwe, hata kikiwa kinaanguka. Mlingoti umevunjwa na mikono mingi kuliko upepo.

Kisha kazi ambayo anayeachia haioni kabisa. Ili kidau kirudi kilikotoka, tanga lihamie upande wa pili, na tanga letu haligeuki lenyewe. Likiachwa, hubanwa kwenye mlingoti na kugawanyika matumbo mawili. Mpokezi hulegeza kifungo, huisimamisha foromali wima, huizungusha mbele ya mlingoti, huirudisha upande mwingine, huvuta demani upya, hutoa mwani mkukuni, hukitikisa maji yaliyokaa sitahani. Yote haya mikono imelowa, upepo unapiga, na mdogo wake anapiga kelele kutoka ng'ambo kwamba anachelewesha. Halafu hukielekeza, hukiachia bila kukisukuma, na kidau kinarudi kwa mwenyewe kikiwa kimenyooka, naye mwenyewe hudhani ni ufundi wake.

Dada, bamvua la mwezi huu maji yataanza kujaa saa tano. Tanga kubwa lipo tayari, na nimebadilisha kifungo. Njoo na wanao, uachie wewe. Mimi nitakuwa demani.